Maswali ya wasomaji: Paka ananusa sahani anaondoka, ni mdeko au kuna kitu?

Mwezi huu meseji nyingi mlizotuma zimekuja na jambo moja, paka anachagua chakula. Nauza kwenye duka la dawa za mifugo hapa Mbeya miaka 11 sasa na nyumbani nafuga paka wanne, kwahiyo hili swali nalisikia pale kaunta karibu kila wiki, na mtu akishaniambia tu "paka wangu anadeka" huwa namuomba tuliweke hilo neno pembeni kwanza. Paka hana mdomo wa kukwambia jino linauma au chakula kimepoa au sahani inanuka sabuni, yeye anachoweza ni kukataa kula basi, sasa ukishamuita mdekaji umeshafunga maongezi kabla hayajaanza. Nimechukua maswali matano, majina ya watu nimeyaacha ya paka nimeyabakiza.

Shikamoo dada. Niko Uyole, nina paka jike wa kienyeji anaitwa Pili, ana miaka mitatu. Alikua anakula ugali na dagaa bila shida yoyote ila tangu mwezi wa sita uanze anakuja ananusa sahani, ananiangalia, anaondoka. Siku nyingine anaparua sakafu pembeni ya sahani kama anafukia kitu. Lakini tukiwa mezani na samaki wa moto anakuja mbio na anakula. Mume wangu anasema mi ndo nimemharibu. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe, hapo uliposema mwezi wa sita na hapo uliposema samaki wa moto.

Paka anakula kwa pua. Ulimi wake una vionjeo vichache sana, havifiki 500, wakati wa kwetu unavyo kama 9,000, kwahiyo anayeamua hiki kinalika au hakiliki ni pua, ulimi unakuja baadae. Na harufu ya chakula inapanda kikiwa na joto. Sasa Uyole mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi inashuka chini ya nyuzi 10, umepika dagaa jana jioni zimelala jikoni, mafuta yameganda juu meupe kabisa, unamuwekea Pili sakafuni kwenye sementi ya baridi, hapo kwake yeye ni kama umeweka jiwe. Paka ni mwindaji, chakula alichozaliwa nacho kichwani ni panya aliyekufa sasa hivi na joto lake bado liko mwilini, kitu cha baridi kwake maana yake kimekaa muda mrefu na labda kimeshaoza. Anajilinda tu hapo.

Juzi usiku nilijaribu jikoni kwangu ili nikuandikie kitu nilichokiona kwa macho. Nilichukua dagaa zilezile za chungu kimoja nikagawa visahani viwili, kimoja nikakiacha kama kilivyo, kingine nikamwagia vijiko viwili vya mchuzi uliotoka jikoni kwenye mkaa nikakoroga na kidole mpaka nikasikia ni vuguvugu kama maziwa ya mtoto. Nikamuita Kijivu, paka wangu mzee. Cha baridi alikipita hata hakuinama. Cha pili alisimama kama hatua moja nyuma, pua ikaanza kucheza, masharubu yakaja mbele yote, akala mpaka akasukuma kisahani ukutani. Dagaa zilezile jamani!

Kwahiyo fanya hivo, pasha kidogo au mwagia mchuzi wa moto, pima na kidole isiwe ya kumuunguza, na muwekee juu ya kipande cha ubao au gunia badala ya sementi. Mpe kidogokidogo mara nne tano kwa siku kuliko sahani moja kubwa asubuhi, maana tumbo la paka ni dogo na porini angekula panya kama nane au kumi kwa siku, mmojammoja, hajaumbwa kula mlo mmoja mkubwa kama sisi.

Lakini kuna kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii huku kwetu. Mwezi wa sita mpaka wa nane ndo mahindi yanaingia ndani. Kama mmeshaweka magunia stoo basi panya nao wamehamia, na Pili anaweza kuwa ameshashiba usiku kucha kabla wewe hujaamka kuwasha jiko. Mwangalie mwili, usiangalie sahani. Panda kwenye mzani ukiwa umembeba, alafu panda peke yako, toa, unapata kilo zake, andika ukutani, wiki ijayo rudia. Kama kilo hazishuki na manyoya yanang'aa, paka wako anakula, ila sio kwako. Na hapohapo nakuomba sana, kama wewe au jirani mmetega sumu ya panya, muondoeni Pili kabisa au iacheni hiyo sumu, maana panya aliyekula sumu anatembea taratibu na ndo huyo paka anamkamata kirahisi.

Kufukia, ni tabia ya asili, paka wa porini anafukia mabaki ili wanyama wengine wasisikie harufu. Anakwambia nimeshiba au hiki sikitaki saivi. Hakutukani.

Kuhusu mumeo, ana kaukweli kidogo hapo. Kama kila Pili akikataa dagaa unamletea samaki wa mezani ndani ya dakika tano, ameshajua kukataa kunalipa. Muwekee chakula chake kikiwa vuguvugu, subiri nusu saa, hajala ondoa, mrudishie baadae kimepashwa, na samaki mpe kwenye kisahani chake kwa wakati wake, sio mkononi mkiwa mnakula. Na huyo samaki wa mezani ameungwa na kitunguu, sindio? Kitunguu kinaharibu damu ya paka, kibichi, kilichopikwa, cha unga, vyote, na kitunguu swaumu ndo zaidi. Mpunguzie fungu lake kabla hujaweka kiungo chochote.

Kamwene dada, naandika kutoka Kihesa Iringa. Paka wangu Chui, dume aliyehasiwa, mnene kilo sita, leo siku ya tatu hajala kitu. Anakunywa maji kidogo, analala chini ya kitanda. Jirani kaniambia nimuache tu, njaa itamfundisha. Niendelee kusubiri?

Kamwene kaka. Huyu nilimpigia simu siku ileile kabla hata sijamaliza kusoma meseji, na jibu naliweka hapa kwa ajili ya wengine wote wenye jirani wa namna hiyo.

USISUBIRI. Mbwa unaweza kumuacha siku mbili na njaa ikamrudisha, paka hapana. Paka asipokula, hasa mnene, mwili unaanza kuvuta mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini ili apate nguvu, na ini la paka haliwezi kuyachakata kwa wingi huo, yanajaa humohumo, ini linashindwa, na likishashindwa paka anapata kichefuchefu, ndo hataki kula kabisa, kwahiyo anazidi kuzunguka kwenye shimo lilelile. Hii inaweza kuanza baada ya siku mbili tatu tu bila kula. Ukivuta mdomo ukaona ufizi au weupe wa jicho umekua wa njano ujue umeshachelewa ila bado nenda. Mi nasema hivi, paka mkubwa akimaliza saa 24 hajagusa kitu anza kutafuta daktari wa mifugo, akifika siku mbili uwe umeshafika kwake. Mtoto wa paka usingoje hata hiyo siku moja.

Naliandika hili kwa uchungu kwasababu paka wangu wa kwanza nilimpoteza hivyo. Alikua mweupe ana doa moja jeusi sikioni, nikamuuliza mtu niliyekua namuamini kwa mambo ya mifugo akanijibu njaa ni mwalimu muache, nikamuacha siku tano. Siku ya sita asubuhi nilimbeba kwenye kikapu nikiwa naona macho yake ya njano na mpaka leo ile rangi naikumbuka. Sikujua. Sasa najua na sitanyamaza.

Angalia na mambo haya ukiwa njiani kwenda kwa daktari, umwambie. Mdomo unanuka vibaya, anadondosha mate, anachukua chakula alafu anakiachia au anatafuna upande mmoja? Ni meno au vidonda vya mdomoni, anataka kula ila inauma. Anapiga chafya, pua imeziba, macho yana majimaji? Hayo ni mafua ya paka, huku kwetu kipindi cha baridi yako mengi sana, na pua ikiziba hasikii harufu na asiposikia harufu hali, nimeshasema pua ndo kila kitu. Mfute pua na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mpashie chakula kinachonukia kama usipa wa Nyasa aliyechemshwa, wengi wanarudi kula siku hiyohiyo. Alafu kwa madume hii ni muhimu, kama anaenda mara nyingi kwenye mchanga wake anajikamua, analia, mkojo hautoki au vinatoka vitone, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, njia imeziba na figo zinaharibika kwa saa, sio kwa siku.

Na jamani msimpe paka paracetamol. Kidonge kimoja tu cha binadamu kinaweza kumuua, mwili wake hauna uwezo wa kuivunja ile dawa. Kila mwaka anakuja mtu dukani ananiambia "nilimpa nusu tu ya homa".

Chui aligundulika ana jino la nyuma limeoza mpaka kwenye mzizi. Likang'olewa, akapewa dripu na dawa ya maumivu ya paka, na siku ya pili akalamba maini ya kuku yaliyopondwa laini. Kaka aliniletea picha, sahani ilikua imelambwa ikabaki kavu.

Mimi ni mwanafunzi, kwetu ni Tukuyu. Kapaka kangu ka miezi minne kanakula ndizi mbivu na kanalilia ndizi za kupika pia. Nyama kanaiogopa. Watu wanasema kamerogwa. Kuna paka wa hivyo kweli?

Wapo mwanangu, wala hakajarogwa. Paka mdogo anajifunza chakula kwa mama yake, tangu kwenye maziwa na alafu akianza kula anaangalia mama anagusa nini. Miaka ya 1970 kuna watafiti waliwafundisha paka mama kula ndizi, wakawaachia na watoto wao wanaoanza kula, na watoto wakala ndizi ileile kwasababu tu mama anakula. Tukuyu ndizi ziko kila kona, mama yake kama alikua anaokota jikoni basi kameona hicho ndo chakula cha nyumba hii.

Kitu kimoja ujue, utamu hakausikii. Paka wote, mpaka simba na chui, hawana kionjeo cha sukari, kile kinasaba kinachotengeneza hicho kionjeo kwao kimeharibika, watafiti walikionyesha mwaka 2005. Kwahiyo kinachokavuta kwenye ndizi ni ulaini wake au harufu au mazoea tu, sio utamu.

Ila ndizi isiwe chakula chake. Paka ni mla nyama kwa mwili wake wote, kuna kitu kinaitwa taurini ambacho kipo kwenye nyama na samaki, kwenye ndizi hakuna, mahindi hakuna, mchele hakuna. Akikikosa muda mrefu anapofuka taratibu na moyo unatanuka na kulegea. Zamani hata vyakula vya madukani vya paka vilikua na upungufu huo, mpaka mwaka 1987 ilipojulikana kwamba ndo uliokua unaharibu mioyo ya paka na viwanda vikaanza kuongeza. Kwahiyo ponda ndizi kidogo sana changanya na moyo wa kuku au dagaa waliochemshwa wakasagwa, kesho punguza ndizi ongeza dagaa, kila siku hivohivo kwa wiki mbili. Ule mchuzi uliochemshia usiumwage maana taurini inayeyuka kwenye maji, mmwagie juu. Na fanya haraka, paka wanazoea vyakula wakiwa wadogo, kakishakua mkubwa kichwa kinakua kigumu.

Mimi nipo Makambako, nimenunua chakula kikavu cha paka kwa bei kubwa na hakigusi kabisa. Niliweka na dawa ya minyoo ndani ili amalize vyote pamoja. Nifanye nini?

Hapo kwenye dawa ndo pameharibika. Paka akishaunganisha chakula fulani na uchungu au kichefuchefu anaweza kukikataa miezi mingi, sio ubishi, ni kinga yake dhidi ya sumu. Dawa mpe mkononi au ndani ya kitu kidogo ambacho sio chakula chake cha kila siku.

Funga huo mfuko kwa wiki mbili harufu isitoke, mrudishie alichozoea. Baadae anza upya, vipunje vinne vitano ndani ya chakula cha zamani, viloweshe na mchuzi wa vuguvugu mpaka vilainike, ongeza polepole siku 7 mpaka 10 au zaidi. Akikataa rudi hatua moja. Usimfungie na njaa ili akubali, nimeshaeleza hapo juu kwanini. Na kama umenunua kwa kupimiwa kwenye gunia lililokaa wazi, nusa kwanza mwenyewe, mafuta yakichacha yananuka kama rangi, paka yuko sahihi kukataa. Hata dagaa zilizochacha hivohivo, usimpe.

Kama mfuko ni ghali, huna haja ya kuona aibu. Vichwa vya kuku pale sokoni vinauzwa bei ya chini, mioyo, filigisi, dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, changanya na ugali kidogo. Maini mpe ila mara moja mbili kwa wiki yasizidi, vitamini A ikizidi inagandisha mifupa ya shingo. Mifupa iliyopikwa hapana, inavunjika kama sindano. Maziwa ya ng'ombe, paka wengi wakubwa yanawaharisha, maji safi yanamtosha.

Naishi Mbalizi na bibi yangu. Paka wetu Nyota hali mpaka bibi akae pembeni ya sahani amshike mgongo. Bibi akienda kanisani hata chakula kiwe kizuri vipi hakigusi. Bibi anaenda Kyela wiki mbili, naogopa.

Mpe bibi shikamoo yangu. Hili liko kwa paka wengi, wengine wanahitaji ulinzi wakati wa kula kwasababu wakiinamisha kichwa hawaoni nyuma, na Nyota amemchagua bibi awe mlinzi wake. Angalia na sahani imekaa wapi, kama iko njiani mlangoni au mbwa anapita au iko karibu na mchanga wake wa haja, ihamishie kona ambayo mgongo wake unagusa ukuta na macho yanaona mlango. Ioshe suuza mpaka sabuni iishe harufu, na iwe pana sio yenye kina.

Mna siku ngapi kabla bibi hajaondoka? Anza leo. Bibi akae palepale na wewe ukae pembeni yake, mkono wa bibi mgongoni kwa Nyota na wako juu ya mkono wa bibi. Baada ya siku mbili tatu bibi atoe mkono wake, wako ubaki. Alafu bibi asogee kwenye kigoda cha mbali, alafu mlangoni, alafu nje kwenye nyasi na sauti yake isikike. Siku ya safari bibi akuachie kitenge alichokivaa bila kukifua, kitandike chini ya sahani, chakula kiwe vuguvugu, na ukae hapo hata kama ni robo saa na una kazi zingine. Hesabu saa tangu alivyokula mara ya mwisho, zikifika 24 mpigie bibi aongee naye kwenye simu ukiwa umeiweka spika, wengine wanainuka kwa sauti tu, na ikigoma bado, daktari wa mifugo kesho yake asubuhi.